Niliitazama Rangi, Sikuitazama Mbao

Kwa aliyefungia samaki gazeti la juma lililopita kabla hajalisoma, nitamrudishia kwa maneno machache.

Miye ni Kificho bin Hija, mtu wa Kiuyu, Pemba. Skuli sikwenda. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa karatasi za kufungia sukari, na kusema mbele za watu nilijifundisha kwa hasira. Kila nilichotendewa nakikumbuka. Mwaka wa arubaini na nane mama yangu alifia bandarini Wete akingoja meli ya kumpeleka hospitali Unguja. Meli ikaja siku mbili baadaye, ikapiga honi kama kwamba hakuna aliyekufa.

Kwa ajili ya honi ile niliwaambia watu wangu: tununue ndege. Ndogo, kuukuu, lakini yetu. Wakatoa karafuu zao, pishi kwa pishi, hata vizee waliokuwa hawana ila mti mmoja nyuma ya nyumba.

Na niliwaambia jambo la pili, nalo ndilo linalonifanya niandike. Mzee Nyange, fundi wa mashua, baba wa mke wangu, alichukua kadi ya chama cha upande wa pili. Nikasimama mkutanoni nikasema: asisalimiwe. Asiuziwe chumvi, asipewe kazi, akisema asijibiwe. Na atakayemsalimu, naye asisalimiwe.

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Mke wangu Khairiya akafunga nguo zake kwenye shuka siku hiyohiyo akamfuata baba yake. Nikabaki na kinu, chungu na kuta nne.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni nilivyonunua.

Ndege ilisimama pembezoni mwa uwanja wa ndege wa Wawi, nyeupe kama yai, na mstari mwekundu ubavuni. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kifuniko cha kioo juu. Mwenyewe alikuwa Mzungu wa bara aliyekwisharudi kwao. Aliyetuuzia alikuwa dalali wake, Bwana Soud wa Chake Chake, mtu aliyezoea kuuza baiskeli na cherehani.

"Hebu itazame, Bwana Kificho," akasema. "Bibi harusi huyo!"

Rubani tulikuwa naye wetu. Masika, aliyefanya kazi miaka sita kwenye kiwanja cha ndege huko bara na kujifunza kuruka hukohuko. Mtu wa maneno machache na kucha nyeusi.

Alifungua injini. Akalizungusha pangaboi kwa mkono, polepole, akisikiliza kila pumzi ya injini. Akamwaga oili kidogo juu ya kitambaa cheupe, akakitandaza juani kutafuta chembe za chuma. Akazipitia waya za usukani moja moja na pamba mkononi, maana waya uliokatika nyuzi huikamata pamba. Akaingia kitini, akasukuma usukani huku na huku, shingo kaigeuza anatazama mkia unavyomjibu.

"Injini nzima," akasema. "Waya nzima. Daftari ndilo silipendi."

Kila ndege ina daftari lake, msomaji. Limeandikwa imeruka saa ngapi, imevunjika nini, nani kaitengeneza.

"Lina nini daftari?" nikauliza.

"Miaka mitatu, wino mmoja, mkono mmoja. Kama mtu kakaa kitako siku moja akaiandika yote."

Soud akacheka. "Mwandishi wake alikuwa na chupa kubwa ya wino!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mtu akikuchekesha unapouliza habari za daftari, shika njia uende zako. Miye sikushika.

Masika hakucheka. Aliligonga bawa kwa ukucha. "Chini ya kitambaa hiki ni mbao na gundi. Chuma nakijua. Mbao siijui. Hapa anatakiwa mtu wa mbao."

Kila aliyekuwapo alijua mtu wa mbao Pemba hii ni nani. Mtu ambaye akigonga ubao kwa kidole cha kati hukwambia mti wake ulikatwa wakati wa mvua au wakati wa jua. Wote wakanitazama.

"Mafundi wa mbao wako wengi," nikasema.

"Mtaje mmoja," akasema Masika.

"Hatumwiti."

"Sijamtaja mtu, Kificho."

"Nami sijamwita mtu!"

Mwenyekiti wetu, Mzee Mmanga, akajipenyeza katikati na bakora yake. "Kwani ndege ni ngalawa, hata aitwe mchonga ngalawa? Kificho kasoma. Kificho ataitazama."

Nikaitazama. Nilikuwa na kijitabu cha Kiingereza cha mambo ya ndege, nimekisoma kwa kamusi mwezi mzima. Sura ya mbao niliiruka. Maneno yake yalikuwa magumu, na kila nikiyasoma nilikuwa naona uso wa mkwe wangu.

"Rangi hii imetiwa lini?" nikamuuliza Soud.

"Juzi, kwa heshima yenu. Mikono mitatu, juu na chini. Haiingii maji hata tone!"

Kwa heshima yetu. Nilikuwa na miaka arubaini na moja, na hapana mtu aliyewahi kupaka kitu rangi kwa heshima yangu. Nikaipapasa. Ikaniachia weupe kidogo kidoleni, nami sikuunawa mpaka jioni.

Tukanunua. Bila mtu wa mbao.

Mvua za vuli zikaanza juma lilelile. Tuliijengea kibanda cha makuti, lakini kibanda kilikuwa kifupi, mabawa yakabaki nje yanaoga. Masika akasema hairuki mpaka mvua ikatike.

Miezi miwili ile sitaisahau. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nilikuwa napika ndizi za mtu mmoja, nazila nimesimama. Majirani walinisalimu, naam, walinisalimu kwa adabu kabisa, wakipita. Hakuna aliyeingia. Mtu aliyemfukuza mkwewe kijijini, nani atakaa barazani kwake akajiona salama?

Aliyekuwa akinigongea mlango ni mmoja tu, dada yangu Mwanakhamis. Akija na kibakuli chini ya kanga, akikaa kizingitini, akinitukana.

"Mkeo kafanya nini, we bahaluli?"

"Kamfuata baba yake."

"Ulitaka amfuate nani? Wewe na ndege yako?"

Asemapo hivyo hucheka, halafu hushika tumbo. Tumbo lile lilimwanza mwezi wa Oktoba. Likavimba. Daktari wa Chake Chake akasema la kupasuliwa, na la kupasuliwa Unguja. Meli hakutaka hata kuisikia, kwa ajili ya mama.

Siku nyingine nilidandia lori la karafuu nikaenda Wawi kuiangalia ndege tu. Nikikaa chini ya bawa, mvua inapiga juu ya kitambaa, naizungumzia. Naisimulia habari za mama. Haikunijibu, lakini nayo haikuwa na haraka ya kuondoka.

Januari ya sitini na moja mvua ikakatika. Kura ilikuwa imebaki siku chache. Mzee Mmanga akaitisha kamati.

"Alhamisi ndege iruke," akasema. "Watu waione kabla ya kura. Na apande Mwanakhamis. Mgonjwa wetu, ndege yetu, rubani wetu."

Jumanne nikaenda na watu kuisafisha. Nikainama chini ya bawa la kulia, karibu na linapoungana na kiwiliwili. Nikaona duara mbili za mkaa, moja ndani ya nyingine, kubwa kama sahani.



"Wametuandika!" nikapiga kelele. "Njooni mwone! Wamekuja na uchawi wao mpaka hapa! Wanataka tuogope mkaa!"

Watu wakajaa. Nikasimama juu ya debe la mafuta, nikahutubu kama sijawahi kuhutubu. Kisha nikavua kofia yangu ya kiua, ambayo Khairiya aliishona miezi mitano, nikazifuta zile duara mbele ya kila mtu. Wakashangilia. Masika peke yake alikuna kidevu.

"Mchawi wa kuandika safi namna hiyo," akasema, "simjui."

Nikaikung'uta kofia, nikaivaa.

Alhamisi asubuhi Mwanakhamis alitangulia Wawi kwa gari pamoja na kamati. Miye nilichelewa nikitafuta mtu wa kuniazima baiskeli. Nikapita njia ya pwani, nyuma ya Chake Chake, na hapo ndipo alipohamishia kazi yake mkwe wangu baada ya Kiuyu kumnyima kazi. Nilikusudia kupita nimeinamisha uso.

Macho hayakukubali. Palikuwa na mashua kuukuu imepandishwa juu ya magogo. Ubavuni mwake, juu ya mbao tatu, nikaona duara mbili za mkaa, moja ndani ya nyingine. Mzee Nyange alikuwa na tezo mkononi. Alizichonga zile mbao zikatoka, moja baada ya moja, akazitupa motoni.

Miguu ikaacha kukanyaga pedali.

Miye ninayekumbuka honi ya meli ya mwaka wa arubaini na nane! Nilipokwenda kumposa Khairiya, mzee huyu alinishika mkono akanionyesha alama hiyohiyo. Akaniambia: "Ubao wenye alama hino, mwanangu, hauingii majini." Mabaya yote nimeyaweka kichwani kama nguo za sikukuu. Jema hilo moja nililitupa.

"Mzee," nikaita.

Tezo ikaendelea. Ta. Ta. Ta.

"Mzee Nyange, zile duara za bawani ni zako?"

Akaiinua tezo mpaka usawa wa macho yake. Akazungumza nayo.

"Tezo, wasikia upepo? Upepo wa leo una sauti kama ya mtu."

"Mzee, kuna mgonjwa anapanda sasa hivi. Dada yangu. Mwanakhamis."

Mkono ukasimama.

"Tezo, uambie upepo," akasema. "Nilikwenda Wawi kwa miguu yangu hino, nikaitazama ndege ya watu, maana kitu cha mbao hakina chama. Kila bawa lina vitundu chini, vya kutolea maji. Nikavitafuta. Vyote vimezibwa kwa rangi mpya. Mvua imeingia juu, haina pa kutokea. Nikakizibua kimoja kwa msumari, bawa la kulia. Yakatoka maji kama dafu, yananuka maziwa yaliyochacha."

"Maziwa?"

"Tezo, mwambie. Wakati wa vita nilitiwa kazini Mombasa kwenye karakana ya ndege. Gundi za ndege za zamani ni za maziwa. Ikikaa kwenye maji hurudi uji. Mbao nzima, gundi imekufa. Hazishikani. Zinasimama pamoja kwa kuoneana haya tu."

"Kwa nini hukusema?"

Hapo akacheka, kicheko kisichokuwa na furaha hata punje. "Tezo! Upepo unauliza kwa nini sikusema! Nimwambie nani? Nilimwambia mkaa. Na mkaa ukafutwa kwa kofia ya binti yangu."

Nikaiangusha baiskeli mchangani.

"Shikamoo, baba."

Mwaka mzima neno hilo lilikuwa limekaa kooni mwangu kama mwiba wa changu. Likatoka. Yeye hakugeuka.

"Tezo, hapa pana watu? Mtu akivuliwa nguo sokoni, huvishwa chooni?"

"Panda nyuma ya baiskeli," nikasema. "Nitakuvisha sokoni."

Basi mwamwonaje Kificho bin Hija, mhutubu, akipanda kilima cha Chake Chake, mkwewe kamkalisha nyuma ya baiskeli, tezo mapajani? Wanawake waliokuwa wakianika karafuu walisimama wakatutazama. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Tulipofika Wawi injini ilikuwa inanguruma. Watu mia mbili, ngoma, bendera. Wanaume wanne wameushika mkia. Masika yuko mbele, miwani usoni na kofia ya ngozi masikioni. Mwanakhamis kiti cha nyuma, amefungwa mkanda, kifuniko chake bado wazi.

Nikapanda juu ya debe. Nikasema kwa sauti yangu ya mikutano yote:

"Shikamoo, baba Nyange!"

Ngoma zikanyamaza.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia yule mzee, naye akavua kofia akajifuta uso.

"Jamani, bawa la kulia bovu! Zile alama zilikuwa zake! Alikuwa anatuonya! Miye nimekosa, miye! Izimeni injini!"

Wakanitazama, mmoja mmoja. Kisha, mmoja mmoja, wakanipa mgongo.

Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenishika. Waligeuka tu, kama nilivyowafundisha kugeuka, mabega yamegusana, ukuta wa migongo kati yangu na ndege. Niliwafundisha vizuri.

"Mzee Mmanga!" nikapiga kelele sikioni mwake. "Mtaua watu!"

Akamgeukia jirani yake. "Kuna mtu kasema? Miye sioni mtu hapa."

Nikampungia Masika mikono miwili. Akaniona juu ya vichwa vyao. Akacheka, akanipungia na yeye, kama mtu anayeagwa na rafiki yake.

Nikatambaa. Nikapita katikati ya miguu yao kama mbuzi, kanzu ikachanika, nikatokea ubavuni mwa ndege. Upepo wa pangaboi ukanipiga mchanga machoni. Nikashika ukingo wa kiti cha dada yangu.

"Mwanakhamis! Mpige Masika begani azime! Bawa bovu!"

"Nani kasema?"

"Mzee Nyange!"

Uso ulikuwa umemkonda, macho makubwa. Akanitazama kama anavyonitazama kizingitini, lakini bila tusi.

"Kaka, si wewe uliyetuapisha? Mzee huyu akisema jua, siye tuseme mvua?"

"Nilikosa! Nakwambia nilikosa!"

"Jana ulikuwa na hakika. Leo una hakika. Miye nikushike siku gani?" Akajishika tumbo, meno kayabana. "Tumbo hili halingoji, kaka. Toa mkono."

"Mwanakhamis..."

"Toa mkono, nisije nikakubana."

Nikauondoa. Wallahi niliuondoa mwenyewe. Akakivuta kifuniko cha kioo, kikalia kop. Midomo yake ikaendelea kusema kitu nisichokisikia.

Wale wanne wakauachia mkia.

Ndege ikakimbia. Ikaruka matuta mara mbili, mara ya tatu haikurudi chini. Wawi nzima ikapiga vigelegele. Watoto wakaikimbilia. Bakora ya Mmanga ilikuwa hewani.

Nikabaki nimepiga magoti kwenye majani yaliyolala kwa upepo wake. Hakuna aliyenijia. Kivuli kimoja tu kikaja kikasimama kando yangu, na tezo mkononi. Safari hii hakuzungumza na tezo.

"Kificho."

"Naam, baba."

"Akienda wima, atafika. Mbao zitaoneana haya mpaka Unguja." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Asililalie la kulia tu. Mashua mbovu hailazwi upande wake mbovu."

Upepo ulikuwa wa kaskazi, na ndege huruka ikiuelekea upepo. Ulimlazimisha Masika aruke akiipa Unguja kisogo. Ilikuwa lazima ageuke.

Ikawa ndogo juu ya minazi, nyeupe, nzuri kama siku niliyoipapasa. Ikapanda. Ikanyooka. Mzee Nyange akaniwekea mkono begani, mzito, wa kwanza kunigusa tangu Khairiya aondoke.

Kisha ndege ikaanza kuinama, na bawa lililoinama lilikuwa la kulia.